Tango la Shambani kwa Obeid

Basi lilipotoka Ilula, Bibi Tekla alikuwa amepakata kikapu cha nyanya, na wito wa mahakama kautia kifuani. Jirani yake Obeid alikuwa amemshtaki kwa kula tango shambani kwake. Mzee wa tai aliyekaa naye, Vitus, karani mstaafu wa mahakama, alimuuliza anakokwenda.

“Naenda kuhukumiwa, baba,” alijibu akicheka. “Kitendawili!”

“Tega.”

“Kaingia bila hodi, kala bila kukaribishwa, katoka bila kukimbia.”

“Mwizi huyo!”

“Umekosa. Nipe mji.”

“Chukua Mbeya.”

“Nimekwenda Mbeya, nimekula ndizi zao, nimerudi. Ni mpita njia mwenye njaa, kama mimi na tango la jirani.”

“Sheria inataka tendo na nia, mama. Umechukua cha mtu bila ruhusa, ukiwa na nia ya kutokirudisha. Huo ni wizi.”

“Tango lililoliwa nilirudishe vipi? Kwetu, ulichokula umesimama shambani ni njaa. Ulichoondoka nacho ndio wizi.”

“Hakimu hahukumu kwa ya kwenu,” alisema Vitus, na katika utamu wa kufundisha mkono wake ukaingia kikapuni, ukatoka na nyanya, akaing’ata. Bibi Tekla aliona, akamwacha aendelee. Mwalimu hakatizwi.

Basi likasimama kituoni kwa Vitus. Akainuka na nusu ya nyanya mkononi.

“Imalizie humu humu, baba,” alisema Bibi Tekla. “Ukishuka nayo, twende wote kwa hakimu.”

Kondakta alipiga bati mara mbili. Vitus alikuwa bado mlangoni, mashavu yamejaa, akitafuna upesi.