Nyumba ya Magurudumu ya Bi Umkulthum

Assalamu alaykum, mashehe wetu, wazee, na akina mama mlioko ndani. Kwa idhini yenu, familia inawasomea maisha ya Bi Umkulthum binti Khamis, mtu ambaye, tuseme ukweli mbele ya jeneza lake, hakupata kukaa kitako hata chai ikapoa.

Marehemu alizaliwa Wete tarehe 3 Mei 1961, akasoma hapa hapa hadi darasa la kumi, mwaka 1977, huku walimu wake wakichoka kumwambia, “Kulthumu, tulia,” kisha akajifunza cherehani, akashona sare na mabuibui kwa ustadi mkubwa, ila hakuna duka lililomweka zaidi ya msimu mmoja, kwani kuta zilimkera.

Tarehe 21 Januari 1984 aliolewa na Sleiman Vuai wa Wawi, fundi umeme wa magari, wakajaaliwa watoto wawili, Buthaina na Ridha, na watoto walipokua, mwaka 2011, wakanunua gari bovu la abiria, chai maharage, wakaliwekea kitanda, jiko, cherehani ya umeme, sola juu ya paa na betri kubwa nne chini ya kitanda, wakawa wanafuata kambi za karafuu, yeye akishona, mumewe akichaji simu za wachumaji. Sleiman alimfundisha kuzitunza zile betri kama watu wa nyumbani: kuzitia maji yake kila zinapopungua, kusugua ukoga mweupe kwenye vichwa vyake, na kutozitumia zikashuka chini ya nusu, kwa sababu betri ikiachwa na njaa hufa, na ikishakufa haifufuki.

Sleiman alifariki tarehe 14 Machi 2019, gari likiwa limeegeshwa Wawi, kwenye kiwanja cha kaka yake, Mzee Kificho, chini ya mfenesi mkubwa, na marehemu akaanza kukaa eda humo humo garini. Masika yalikuwa yameingia, sola iko kivulini, injini imekorofisha, na betri zikawa zinashuka kila siku mbele ya macho yake, naye haruhusiwi kutoka. Mzee Kificho, kwa nia njema kabisa, alimtaka ahamie chumba chake cha nyuma, akisema, “Gari ni gari, shemegi, haliwi nyumba.” Bi Umkulthum alijibu kutoka nyuma ya pazia, “Mie si ntu wa chumba cha nyuma,” lakini moyoni aliogopa sana, kwani alijua betri zikifa, taa na cherehani vitakufa nazo, Kificho ataonekana alisema kweli, na akishaingia chumba kile hatatoka tena maishani.

Akatuma aulizwe Shehe Suhail: mjane akikaa ndani ya nyumba yake, kisha nyumba ikaenda juani, je, ametoka? Shehe alikuja mwenyewe, akalizunguka gari, akakuna ndevu, akasema, “Hata watu wa mahema hukaa eda mahemani. Bibi abaki ndani, mapazia yashushwe, nyumba isukumwe, isivuke mpaka wa kiwanja.” Vijana wa Wawi wakasukuma nyumba na mjane ndani yake, Kificho akielekeza usukani kwa uso uliokunjamana, hadi jua likaipata sola, na walipomaliza, sauti ikasikika kutoka ndani: “Nisukumeni na kesho, wanangu.” Wakamsukuma kila jua lilipochomoza, kukikimbia kivuli cha mfenesi, mpaka eda ikaisha, na betri zikapona zote nne.

Mwaka 2020 injini ilitengenezwa, akapata leseni ya udereva, akazunguka kisiwa kizima, akikwama Chokocho tu, ambako alilaumu bahari kwa kumzuia kufika Kisiwa Panza, mpaka wanawake wa huko wakawa wanavuka kumletea vitambaa vyao.

Novemba 2024 alianza kuugua moyo, akaletwa nyumbani kwa Buthaina, hapa Wete, gari likaegeshwa dirishani pake, na hakukubali kufumba macho jioni yoyote kabla ya kuuliza, “Betri zimejaa?” na kujibiwa. Jana alikuwa amezidiwa, nyumba nzima ikamshughulikia yeye, akalala bila kuuliza, na alfajiri ya leo, Alhamisi tarehe 10 Julai 2025, akarejea kwa Mola wake. Jambo hilo linatuuma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi cherehani wenzake, Shehe Suhail, na Mzee Kificho, ambaye tangu asubuhi analia kuliko sote. Vijana wa Wawi, ambao sasa ni watu wazima, wamekuja. Waliisukuma nyumba yake, na leo wameomba wao ndio wambebe.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, mama yetu. Ridha amezitia maji asubuhi hii, gari liko juani. Betri zimejaa, Kulthumu. Pumzika kwa amani.