Ishaka na Matumbawe: Maisha ya Shamsudin Khamis Abdurrahmani, 1951–2025

Assalaam alaykum. Waheshimiwa mashekhe, wazee wa mji, majirani, ndugu mliotoka Pangani, Zinga, Kiwangwa, Mlingotini na Dar es Salaam, na kina mama mlioko ndani, familia imenipa mimi, Yusuf Khamis Abdurrahmani, kaka wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake kabla jeneza halijatoka kwenda msikitini. Marehemu aliagiza isomwe hapa barazani, kwa sauti, bila kufupishwa, na majina ya watu yatajwe kamili, kwa sababu lipo jina la mtu ambalo ameondoka duniani bila kuwahi kulirudisha kwa mwenyewe.

Marehemu Shamsudin Khamis Abdurrahmani alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba hii hii, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa Mzee Khamis Abdurrahmani, aliyekuwa akiuza kamba, lami na kitambaa cha matanga ya majahazi, na Bi Hafidha binti Yusuf wa Pangani, Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Alisoma Kurani kwa Maalim Shomari Bakari, akahitimu akiwa na miaka kumi, akasoma shule ya msingi hapa Bagamoyo kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, kisha sekondari Dar es Salaam, alikomaliza mwaka 1970, na huko bwenini ndiko alikoshika gitaa kwa mara ya kwanza, jambo ambalo baba yetu alilijua baadaye sana.

Mwaka 1971 alianza kazi ya ufundi redio katika duka moja hapa mjini, na kwa kuwa alijua kutengeneza vipaza sauti, aliweza kuunda mwenyewe vyombo ambavyo vijana wengine wa pwani hawakuwa navyo. Tarehe 19 Agosti 1972 alianzisha bendi aliyoiita Matumbawe, ya kupiga roki, ule muziki mzito wa magitaa ya umeme yanayopandishwa sauti mpaka vioo vya madirisha vitikisike. Baba alipousikia mara ya kwanza alitoka na msuli, akasimama mlangoni, akamwuliza, “Shamsu, hicho ni chombo cha muziki, au umeniletea mashine ya kukoboa mpunga?” Marehemu alipunguza sauti mpaka baba aliporudi ndani, kisha akaipandisha tena.

Gitaa la solo alipiga mwenyewe, drams zilipigwa na Dadi Mwinshehe Omari, ambaye tunaye hapa, na mwimbaji alikuwa Ishaka Majaliwa Mwinyimkuu wa Mlingotini, kijana mrefu, mpole, mwenye sauti ambayo Dadi husema ilikuwa ikimlazimu yeye mpiga drams kuomba asaidiwe kusikika. Kwa ajili ya sauti hiyo bendi iliandikwa upya kwa rangi nyekundu kwenye ngozi ya ile drams kubwa, ISHAKA NA MATUMBAWE, na chini ya jina hilo walirekodi santuri tatu kati ya mwaka 1974 na 1976, zikapigwa redioni na kufika mikoa mingi. Katika wimbo wao uliopendwa kuliko zote, vyombo vyote vilinyamaza ghafla, ukumbi mzima ukaita, “Ishaka!”, naye akaitika, “Naam!”, kisha magitaa na drams vikaingia kwa pamoja. Watu walilipa kiingilio kwa ajili ya kule kuita na kuitikiwa.

Tarehe 12 Januari 1977 alifariki mama yake Ishaka, Bi Chausiku binti Mwinyimvua, huko Mlingotini. Bendi ilikuwa na dansi Tanga, Jumamosi ya tarehe 5 Februari, na mabango yalikwisha kubandikwa. Ishaka alimwomba marehemu aisogeze mbele, akamwambia, “Mama yangu hajatimiza arobaini, Shamsu. Nitapandaje jukwaani?” Marehemu akamjibu akae na msiba wake, asiwe na wasiwasi. Kisha akaenda Zinga, akamchukua kijana mmoja wa kimo kilekile, Ramadhani Pazi Kibwana, aliyekuwa akiimba kwenye maharusi, na njiani akamfundisha jambo moja, “Ukiitwa, itika.” Watu wa Tanga walimjua Ishaka kwa redio tu, sura hawakuwahi kuiona. Walimwita, Ramadhani akaitika, ukumbi ukalipuka kwa shangwe, na marehemu alituambia baadaye kwamba usiku ule alijifunza kuwa jina lina nguvu kuliko mtu, na kwamba hilo ndilo somo baya kuliko yote aliyowahi kujifunza.

Arobaini ilipokwisha Ishaka alikwenda Dar es Salaam, kwenye ukumbi bendi ilikokuwa ikipiga, akiwa amevaa shati lake la jukwaani. Mlinzi wa mlangoni alimzuia, akamwambia, “Kiingilio, bwana.” Akasema, “Mimi Ishaka.” Mlinzi akacheka, akawaita wenzake, akasema, “Jamani, huyu naye ni Ishaka. Ishaka yumo ndani anaimba, wewe labda ni mdogo wake.” Alisimama pale nje mpaka ulipofika ule wimbo, akasikia jina lake likiitwa na mamia ya watu, na mtu mwingine akiitika. Marehemu alimwona kupitia dirishani, gitaa likiwa mikononi, na hakushuka jukwaani. Hili tumelipata kwa kinywa cha marehemu mwenyewe, Ishaka hajawahi kulisema kwa mtu.

Ishaka alirudi Mlingotini, akafanya kazi ya kusuka madema ya kutegea samaki, na hakuimba tena dansini. Tangu mwaka 1983 amekuwa mwadhini wa msikiti wa kijiji chake.

Marehemu alifunga ndoa na Bi Mwanvita Salehe Mbaruku wa Pangani tarehe 14 Oktoba 1978, na Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto watatu, Shufaa aliyezaliwa mwaka 1980, Khamis mwaka 1983, na wa mwisho mwaka 1989, ambaye marehemu alitaka kumwita Ishaka. Bi Mwanvita alikataa, akasema, “Jina hilo lina mwenyewe, na yupo hai. Tafuta jingine.” Mtoto akapewa jina langu.

Ramadhani Pazi aliondoka mwaka 1981 kwenda Mombasa, na kwa kuwa jina lilikwisha kuzoea kuhama, marehemu aliona jambo jepesi kumtafuta mwingine wa kulivaa. Alimpata Kiwangwa, Mohamedi Kondo Selemani, mtoto wa mkulima wa mananasi, mwimbaji hodari kweli, ambaye alistahili kusikika kwa jina lake mwenyewe. Aliimba kama Ishaka kwa miaka saba. Wapiga besi walibadilika, wapiga kinanda walibadilika, Dadi Mwinshehe alitoka, akarudi, akatoka tena, na ngozi ya drams ilipopasuka iliandikwa maneno yale yale.

Tarehe 2 Mei 1988 Mohamedi Kondo alifariki kwa malaria Dar es Salaam. Shamsudin mwenyewe ndiye aliyepeleka tangazo la kifo redioni, na kwa mazoea ya miaka, alitangaza kuwa Ishaka wa bendi ya Matumbawe amefariki dunia. Kutwa nzima watu walimiminika Mlingotini na mikeka na sufuria. Walimkuta Ishaka chini ya ukuta wa nyumba yake, dema mbele ya magoti, akawakaribisha, akasema, “Piteni, kaeni, marehemu anamalizia dema lake, atakuja kuwasalimu.” Wengine walicheka kwa kufarijika. Mkewe, Bi Ashura, aliyeipata habari sokoni na kukimbia njia nzima huku kanga imemdondoka, hakucheka.

Huko Kiwangwa nako redio ilikuwa ikisikika, lakini jina la Mohamedi Kondo halikutajwa. Mama yake, Bi Mwaija Selemani, alisikia kwamba mwimbaji mmoja amefariki, akasema maskini, mwanangu atakuwa amempoteza mwenzake, akaendelea kumenya mihogo. Alipoletewa habari za kweli mtoto alikwisha kuzikwa Dar es Salaam, na wajomba hawakuwepo. Marehemu alikwenda Kiwangwa baada ya wiki, akapokewa, akapewa maji ya kunywa, na Bi Mwaija akamwuliza swali moja tu, “Baba, hilo jina lingine mlilompa, mlimpa kwa sababu la kwake lilikuwa na kasoro gani?”

Bendi iliendelea kwa kusuasua, watu walipenda muziki mwingine, na dansi ya mwisho ilipigwa hapa Bagamoyo tarehe 31 Desemba 1994. Baada ya hapo marehemu alirudi kwenye ufundi redio mpaka macho yalipopungua nguvu. Mwaka 2011 vijana wa chuo cha sanaa hapa mjini walizipata santuri zile, wakaja kumhoji, wakamwuliza huyu Ishaka alikuwa nani na yuko wapi. Marehemu aliwajibu kuwa alikwisha kufa siku nyingi. Binti yake Shufaa alikuwa amesimama na sinia ya chai, naye alikuwa akimjua mwadhini wa Mlingotini, alikwisha kununua kwake dema. Alimtazama baba yake, akaiweka chai, akatoka. Sisi ndugu tulikuwamo chumbani, tuliisikia kauli ile, na hakuna aliyeisahihisha. Nyumba hii ilijivunia Matumbawe kwa miaka mingi, na fahari ile tuliila sote.

Marehemu aligundulika na kisukari mwaka 2019, na mwaka jana figo zikaanza kushindwa. Mwezi wa Januari mwaka huu alimwomba Shufaa ampeleke Mlingotini. Ishaka alimpokea mlangoni, akamtazama, akasema, “Shamsu, umekwisha. Magitaa umemwachia nani?” Marehemu akamjibu, “Panya.” Walicheka, wakala wali na samaki, na baada ya kunawa marehemu akaomba radhi. Ishaka akamwambia, “Jina langu hukulichukua chumbani. Ulilichukua mbele ya watu, na mbele ya watu ukaniua. Lirudishe huko huko. Ukishalirudisha, radhi yangu utaipata, na kahawa juu yake.” Marehemu alikubali, akapanga kuwakusanya watu hapa barazani baada ya Idd, awaambie mwenyewe kwa kinywa chake. Tarehe 7 Aprili alizidiwa, akalazwa hospitali Dar es Salaam, na hakuinuka tena. Alifariki jana, Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, wakati wa Alfajiri, katika siku hizi za mwanzo za Mfunguo Tatu, Shufaa akiwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho kwangu, siku mbili kabla, lilikuwa, “Kaka, usiache hata jina moja.”

Leo asubuhi, wakati wa kumwosha marehemu, Ishaka alifika kutoka Mlingotini. Alikunja mikono ya kanzu, akaomba kata ya maji, akaosha pamoja nasi, na tulipomaliza akaniambia, “Nimekuja kumwosha Shamsu. Ile ahadi yake naingoja barazani.” Amekaa sasa karibu na nguzo ya mlango. Na kina mama wanaye Bi Kibibi Kondo Selemani, dada wa Mohamedi, aliyetoka Kiwangwa tangu usiku.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, majirani waliofika hapa kabla hata sisi hatujawaita, Dadi Mwinshehe Omari na wanamuziki wenzake waliobaki, shekhe na wanafunzi wa madrasa waliosoma Kurani usiku kucha, na wote mliochangia kwa nguvu na kwa dua. Kama yupo mwenye dai lolote kwa marehemu, na awaone wanawe, Khamis na Yusuf.

Na sasa, kwa niaba ya Shamsudin Khamis Abdurrahmani, natamka mbele yenu nyote kama alivyoagiza. Aliyeitika Tanga mwaka 1977 alikuwa Ramadhani Pazi Kibwana wa Zinga. Aliyefariki mwaka 1988 na kuzikwa bila wajomba wake alikuwa Mohamedi Kondo Selemani wa Kiwangwa, mtoto wa Bi Mwaija, na jina lake halikuwa na kasoro yoyote. Sauti iliyomo katika santuri zile zote tatu ni ya Ishaka Majaliwa Mwinyimkuu wa Mlingotini, aliye hai, ambaye hakuiacha bendi, bali alikwenda kumzika mama yake. Familia ya Mzee Khamis Abdurrahmani inaomba radhi kwake na kwa ukoo wa Kondo Selemani. Tunaomba, hatudai, na akiona bado hajawa tayari, asilaumiwe na mtu.

Pumzika, Shamsudin, mdogo wangu. Ulichokichukua mbele ya watu kimerudishwa mbele ya watu. Kabla hatujainua jeneza nitaliita jina hilo mara moja, kama lilivyokuwa likiitwa kwenye dansi zenu, kisha nitanyamaza, na naomba asiitike mtu mwingine.

Ishaka Majaliwa Mwinyimkuu.