Kadi ya Krismasi Iliyoleta Turubai

Ilianza Jumamosi, tarehe 21 Desemba 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, nilipotuma picha ya baba kwenye grupu la ukoo. Ulikuwa ukurasa wa mbele wa kadi ya Krismasi niliyoitengeneza mwenyewe kwa simu: baba ndani ya suti, nyuma yake zambarau ya majilio, pembeni mishumaa miwili na mawaridi meupe. Juu niliandika jina lake, Elimringi. Chini yake, 1984–2024, na chini zaidi, kwa herufi nyembamba za dhahabu, "Miaka arobaini ya duka letu Kariakoo". Ukurasa wa ndani, wenye Heri ya Krismasi, niliutuma pia, ila simu ikaisha chaji na sikuangalia kama umefika. Nikachukua flashi yenye nakala ya kadi, nikafunga duka, nikaenda Mchafukoge kuchapisha nakala. Niliporudi Mtaa wa Sikukuu saa sita na nusu, mbele ya duka letu, penye benchi la kahawa la Hashimu, palikuwa na turubai na viti vya plastiki kumi na viwili.

Aliyesimama kwanza ni Kamera, mpiga picha wa zamani ambaye studio yake ilikufa simu zilipoingia. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

— Pole, mwanangu Fortunata.

— Shikamoo. Pole ya nini?

— Marahaba. Dah. Kumbe hujaambiwa.

— Mwache akae kwanza, alisema Dokta Feni, ambaye kwa kweli hutibu feni na pasi tu. Kaa, dada. Mzee hatunaye.

Nilikaa. Baba alikuwa ametoka saa mbili kwenda Magomeni kwa seremala. Simu yake aliiacha dukani kwenye chaji, na sasa niliisikia ikiita nyuma ya mlango niliofunga mwenyewe, ikaacha, ikaanza tena.

— Amefia wapi?

— Magomeni, alisema Hashimu, akiniwekea kikombe mkononi. Kunywa. Leo ya msiba, hailipiwi.

— Posta, alisema Dokta Feni. Ameanguka kwenye ngazi.

— Ngazi za wapi? Wewe ulikuwepo?

— Sikuwepo. Ila mtu mzima akifa Posta, kwenye maghorofa, ni ngazi.

— Mimi nilimwona juzi, alisema Kamera. Rangi yake ilikuwa imefifia. Nikajiambia, huyu mtu anatoka vibaya kwenye mwanga.

— Ni upepo, Dokta Feni alibadilisha. Alinunua feni kwangu mwezi wa kumi. Nilimwambia, mzee, usiielekeze kifuani. Feni ya mguu mrefu inamaliza watu na hawasemi.

— Basi umemuua wewe, alisema Hashimu.

— Nimeuza feni, sijaua.

Kahawa ilikuwa imemwagika kwenye sketi bila mimi kuisikia. Niliwaza kwamba asubuhi sikumuaga. Nilikuwa nimeinamia simu, natafuta mawaridi.

— Kinachoniumiza ni umri, Kamera aliendelea. Miaka arobaini tu.

— Nani ana miaka arobaini?

— Marehemu. Themanini na nne mpaka leo. Imeandikwa.

— Na zile mvi? aliuliza Hashimu.

— Mvi za biashara. Kariakoo inazeesha.

— Ana binti wa miaka ishirini na sita, huyu hapa.

— Aliwahi, alisema Dokta Feni. Watu wa Kilimanjaro wanawahi kila kitu. Wanafungua maduka saa kumi na moja.

— Mjukuu wake yuko darasa la tatu, Dokta.

— Sasa mimi nifanyeje? Kama imeandikwa, imeandikwa.

— Imeandikwa wapi? niliuliza.

Kamera alinipa simu yake.

— Shangazi yako ndiye ameirusha kwenye grupu la wafanyabiashara. Niseme ukweli, mimi nimetengeneza picha za misiba miaka ishirini, na hii ni kazi safi. Mtu aliyeifanya hakuwa na haraka. Ona mishumaa ilivyokaa.

Baba alikuwa ananitazama kutoka kwenye zambarau yangu. Zile herufi za dhahabu, kwenye kioo kile kidogo, zilikuwa mstari tu, kama pambo. Chini yake nilihesabu "poleni" sitini na tatu.

— Hii nimetengeneza mimi, nilisema. Ni kadi ya Krismasi.

Hashimu alishusha birika.

— Krismasi gani ina tarehe ya kuzaliwa na ya kufa? aliuliza Kamera taratibu.

— Ni miaka ya duka. Zambarau ni ya majilio, kanisani ndiyo rangi ya kipindi hiki. Kuna ukurasa wa pili haukwenda.

— Dada, alisema Dokta Feni, mimi nimeshapiga simu Tanga kutangaza msiba.

Nilimpigia shangazi Mektilda kwa simu ya Kamera. Alilia, akanishutumu, akamshukuru Mungu, halafu akashusha sauti.

— Fortunata, Wilbert amekata tiketi. Basi la saa tatu usiku.

Wilbert ni baba mkubwa, yuko Moshi. Yeye na baba hawajasemeshana tangu 2018, kwa ajili ya mpaka wa kihamba, shamba la urithi la babu, wenye migomba mitatu. Nilikuwa bado nimeshika simu wakati baba alipotokea kwenye kona na rula ya seremala mkononi. Alitazama turubai, akatazama viti, akavua kofia.

— Msiba wa nani?

Watu wote walimtazama. Dokta Feni alijaribu kusimama, akakaa tena. Baba akaniona na macho yangu mekundu, akashika nguzo ya turubai.

— Fortunata. Ni nani?

— Ni wewe, baba.

Tulimweleza sote kwa pamoja. Aliketi kwenye kimojawapo cha viti vyake, akaitazama picha kwa muda mrefu, akasema suti imetoka vizuri. Nilipomwambia habari ya Wilbert, uso ulimbadilika.

— Amesema anakuja? Mwenyewe?

— Amekata tiketi. Nimpigie sasa hivi nimwambie ukweli.

— Usimpigie.

— Baba, anajua umekufa.

— Akijua nipo hai hapandi basi.

— Mzee, hilo si jambo dogo, alisema Kamera. Usiku mzima mtu anasafiri na maiti kichwani.

— Na akikuona anaweza kuanguka, alisema Dokta Feni. Mshtuko unapita kwenye miguu.

— Miaka sita nimemngoja, alisema baba. Migomba yenyewe ilishang'olewa na mvua. Mwambie na shangazi yako asiseme kitu, hata kwenye grupu. Usimpigie.

Benchi likagawanyika, wengine apigiwe, wengine asipigiwe, na Hashimu akainamisha birika juu ya kikombe cha baba. Likatoa tone moja na machicha. Watu wakaanza kuondoka, kila mmoja akimpa baba mkono na kumwambia pole kwa mazoea.

Nililala bila kulala. Saa kumi na mbili na robo asubuhi nilipiga namba ambayo sikuwahi kuipiga maishani.

— Baba mkubwa, shikamoo. Ni Fortunata. Baba yu hai. Nimekosea mimi, ilikuwa kadi.

Nilisikia injini ya basi, na mtoto wa mtu akikohoa. Nilihesabu mpaka kumi na tisa.

— Hai kabisa?

— Kabisa. Amelala. Mmefika wapi?

— Tumepita Chalinze.

Akapenga kamasi. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa nzito ya mtu aliyelia njia nzima.

— Mwambie aje stendi kunipokea mwenyewe. Akimtuma mtu, narudi na basi hilihili.

Nikaweka simu chini, nikaenda kugonga mlango wa baba.