Upande wa Ndani wa Tairi

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki mbali tena. Na wewe fundi, toka hapo mlangoni. Hapa ni kwa mama yako, hukuja kuomba maji kwa watu.

Mkwe wangu, siku tuliyomzika mumeo, kitinda mimba wangu, ulimnyooshea shemeji yako kidole mbele ya waombolezaji ukasema, "Umemuua ndugu yako kwa tairi kipara." Tangu siku ile karakana imefungwa, salamu yake huipokei, na wajukuu zangu wanamkwepa baba yao mkubwa kama mchawi.

Sasa sikieni. Juzi, nilipotoka hospitali, nilimwomba dereva anipitishe kwenye uwanja wa polisi lilikowekwa lile gari alilofia. Nimeendesha lori tangu baba yenu alipofariki mpaka magoti yalipokataa, tairi halinidanganyi. Walinishika mabega nikainama, nikapitisha kiganja juu ya lile lililopasuka. Upande wa nje kashata, yale meno ya tairi, zimesimama, mpya, kama fundi alivyolifunga. Upande wa ndani, usioonekana mpaka uingie uvunguni, limelika hadi nyaya zimetokeza. Tairi lenye upepo mdogo huisha kingo zote mbili, lililojazwa kupita kiasi huisha katikati, lakini linaloisha upande mmoja hivyo linakokotwa, kwa sababu gurudumu lenyewe halitazami mbele.

Nikamwita mpakiaji wa marehemu. Alianza kulia kabla sijamaliza kuuliza. "Tuligonga ukingo wa daraja, mama. Stelingi ikawa inavuta upande, akawa anaishikilia kwa nguvu. Akasema kaka asijue, atalizuia gari."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Tairi lilikuwa zima, likaliwa kidogo kidogo mahali ambapo hakuna aliyeangalia, na aliyejua alinyamaza. Msimchukie marehemu kwa hilo. Huyo alizaliwa ametanguliza miguu, hakungoja ruhusa ya mtu. Nami kujua huku hakujanipunguzia kitu. Bado kila gari likipita nje nasikia kama ni lake.

Nyumba hii ni ya mkwe wangu na watoto wake, asije mtu akamwambia ahame. Karakana ni ya fundi, naye aifungue mkishanizika, asikae ndani akijila moyo. Lile gari likateni vyuma, lisirudi barabarani. Na wajukuu wakikua wakitaka usukani, baba yao mkubwa ndiye atakayewafundisha, aanze kwa kuwalaza chini ya gari.

Nipeni maji... yatosha.

Mungu awatangulie, awalinde safarini, awape... awape vifua vya kusameheana. Mkwe wangu, macho yamekuwa mazito, sioni tena nani yuko wapi. Mwite shemeji yako aje akae hapa ubavuni kwako. Mwite kwa sauti, nisikie.

Eeh... hivyo hivyo.

Mwite tena.