Lempi Hietala, Mkate wa Iliki na Dawa Aliyoikataa

Lempi Kaarina Hietala alizaliwa Februari 11, 1951, nje kidogo ya Toivola, Michigan, ndani ya sauna ya baba yake, kibanda cha kuogea kwa mvuke, kwa kuwa ndicho chumba pekee kilichokuwa na joto siku hiyo. Alikuwa binti wa pili wa Urho na Saima Kinnunen, watu wa asili ya Ufini.

Alimaliza sekondari mwaka 1969, wa nne darasani. Mwenyewe aliwahi kuongeza, kabla hajaulizwa, kwamba walikuwa kumi na mmoja.

Juni 16, 1973 aliolewa na Arvid Hietala, dereva wa lori la magogo. Siku ya posa Arvid alikunywa vikombe vinne vya kahawa bila kutamka neno. "Basi nimekubali," Lempi akamwambia, "maana kahawa yenyewe imekwisha."

Kwa miaka ishirini na minne alipika katika jiko la shule, hadi mwaka 1998 baridi yabisi ilipomkunja vidole. Daktari akamwandikia vidonge. Lempi alikwisha kumwona shangazi yake akivimeza mpaka ini likaharibika, naye akavikataa. Akashika mvuke wa sauna, na kuumikwa kwa pembe mgongoni kila Jumamosi.

Kazi ikamshinda, akaomba serikalini malipo ya ulemavu. Akajibiwa kwamba anayekataa matibabu bila sababu nzito hapati kitu. Yake ilipimwa, ikaonekana nyepesi. Akakata rufaa, na Septemba 2000 akaenda mbele ya hakimu akiwa amebeba mkate wa iliki, kama mtu wa kwao yeyote anayekwenda kwa watu.

"Bi. Hietala, mkate huu ameukanda nani?" hakimu akauliza.

Arvid akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Mimi. Kwa viwiko, siku mbili. Na wewe mzee, acha kunikanyaga."

Hakimu aliandika neno la kwanza tu: mikono inayokanda mkate inaweza kazi. Rufaa ikaanguka.

"Si ungesema ni dada yako Impi?" Arvid alilalamika garini.

"Mkate wa Impi? Heri ninyimwe."

Walibana matumizi, wakaishi. Mwaka 2013 alitimiza umri wa pensheni ya uzee, ambayo haiulizi mtu anameza nini. Barua ya kwanza ilipofika, Lempi alikwenda kwa daktari wiki ileile akaomba vile vidonge, na vipimo vya ini kila mwezi. Vidole vikanyooka kiasi cha kushika sindano za kufumia.

"Miaka kumi na mitano, mke wangu," Arvid alisema. "Kwa nini leo?"

"Leo hakuna aliyeniamuru."

Aliugua nimonia kwa siku tisa, akafariki nyumbani Oktoba 3, 2021. Hospitali alipewa nafasi, alishukuru, akaikataa.

Ameacha mume, Arvid, watoto wawili, Raili na Wesley, wajukuu watano, na dada yake, Impi.

Lempi na apumzike kwa amani, kwa wakati wake na kwa namna yake.