Mwalimu Naftali Mwirigi, Aliyepima Hatua ya Kwanza (1956–2009)

Naftali Mwirigi alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956 huko Nkubu, Meru, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Jeremia Kiambati na marehemu Mama Esteri Karimi. Baba yake alikuwa kizuizini wakati huo, na Naftali alikuwa na miaka mitatu walipoonana mara ya kwanza. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto hakulia wala hakukimbia. Alisimama mlangoni akaitazama miguu ya yule mgeni, ajue kwanza anaelekea wapi.

Alisoma shule ya msingi Nkubu, sekondari mjini Meru, kisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alikohitimu mwaka 1980 shahada ya ualimu wa hisabati. Alifundisha Chogoria kwa miaka kumi na miwili. Wanafunzi walimwogopa wakati wa mtihani, kwa sababu alimjua mwizi wa majibu kabla hajaiba: alikuwa yule aliyeinua kichwa wa kwanza. Mitihani yote aliitunga yeye, na juu ya kila karatasi aliandika "Idara ya Hisabati", kama walimu wote walivyofanya. Jina la mwalimu halikuwekwa.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na Gakii, muuguzi, katika kanisa la Methodist, Kaaga. Hata siku hiyo, anasema Gakii, bwana harusi alikuwa akiwatazama wageni wanaojipanga kwa chakula. Akamwambia: "Naftali, tumekuja kula wali, si kupima miguu ya watu."

Alifika London Septemba 1992 kusomea takwimu. Masomo yalikatika njiani. Kwa miaka minne alikuwa mlinzi wa mlango wa jengo ambalo ndani yake watu wenye elimu kama yake walimpita bila kumsalimia. Mwaka 1997 aliajiriwa na kampuni moja ya Kilburn, mtaa wa London, iliyopokea kanda za video za besiboli kutoka Marekani, zilizopigwa kutoka juu jukwaani, ili wafanyakazi wazitazame na kuandika kila mpira ulikokwenda. Naftali hakuwahi kuona mchezo huo. Alifundishwa na mwenzake, Gurmit, mzaliwa wa Kisumu na mkazi wa Tooting.

"Mwalimu, hii si kriketi," Gurmit alimwambia. "Hapa ukigonga unakimbia. Hakuna mapumziko ya chai."

Wenzake waliandika nani alidaka na nani alikosa. Naftali aliona hiyo haitoshi. Alibandika karatasi angavu yenye miraba kwenye skrini, akasimamisha kanda pale gongo lilipogusa mpira, akatia alama aliposimama kila mchezaji wa kudaka. Alisogeza kanda kidogo, akatia alama tena. Umbali kati ya alama hizo mbili ndio aliouita hatua ya kwanza. Kwa njia hiyo alionyesha kwamba mchezaji anayejitupa chini kudaka mpira na kushangiliwa mara nyingi ni yule aliyechelewa kuondoka, na kwamba bora zaidi ni yule ambaye kazi yake haionekani kuwa kazi. Klabu zilibadilisha mahali pa kuwasimamisha wachezaji wao kwa sababu ya alama hizo.

Mwaka 2003 aliandika kijitabu cha kurasa arobaini cha kufundishia njia yake. Kwenye jalada alipiga chapa maneno aliyoyazoea: "Kimetayarishwa na Idara." Mwaka uliofuata kilichapishwa Marekani kwa jina la mkuu wa idara yake pale kwenye kampuni, ambaye hakuwahi kutia alama hata moja. Naftali alimwendea kwa heshima kumuuliza.

"Lakini wewe mwenyewe uliandika ni cha Idara," mkuu alimjibu. "Na Idara ni mimi."

Gurmit aliposikia alipiga meza. "Mwalimu! Umeandika kitabu ukasahau jina? Duka la baba yangu Kisumu lilikuwa na jina mlangoni, na tulikuwa tunauza viberiti!"

"Gurmit, kwetu mwalimu hasaini mtihani."

Mwaka 2007 zikaja kamera za kumfuata mchezaji zenyewe. Kamera zilikosea, na aliyepewa kazi ya kuzisahihisha, kosa baada ya kosa, alikuwa Naftali. Zilipoacha kukosea, tarehe 31 Oktoba 2008, aliambiwa hahitajiki tena.

Majuma matatu baadaye madaktari waligundua saratani ya kongosho. Hakuomba fidia. Aliiandikia kampuni barua nne akiomba jambo moja: kijitabu kikichapishwa tena, jina lake liwemo. Hakujibiwa. Alifariki Jumatano tarehe 11 Machi 2009, nyumbani kwake Walthamstow, London, Gakii akiwa amemshika mkono.

Jumanne iliyopita kampuni ilijibu hatimaye. Ilikuwa imesikia kwamba wasifu huu unaandaliwa. Ilituma pole, ikaahidi shada la maua, ikaomba maelezo ya jinsi marehemu alivyofanya kazi yasichapishwe, kwani ni siri ya biashara. Gakii aliisoma barua hiyo akiwa amesimama jikoni.

"Andika yote," alisema. "Na jina lake liwe kubwa. Maua wabaki nayo."

Kwa hiyo yameandikwa yote hapo juu. Karatasi mliyoshika ndiyo ya kwanza duniani kupigwa chapa ikiwa na kazi hiyo pamoja na jina la aliyeianzisha. Zipo nakala mia mbili.

Marehemu ameacha mjane wake Gakii, binti yake Ann, mwanawe Griffins, dada wawili na kaka mmoja huko Nkubu, wanafunzi wa Chogoria wasiohesabika, na rafiki yake Gurmit, aliyebeba jeneza leo.

Mungu ampe Mwalimu pumziko ambalo mji huu haukumpa. Karatasi hizi msiziache kwenye viti.