Rangi Nyekundu ya Tonton Séraphin

Wapendwa bapapa na bamaman, mimi ni Bienaimé, mutoto wa dada ya marehemu, wamenipa kazi ya kusoma kwa sababu niko na sauti kushinda wenye diplôme wote hapa, tonton Bertin usinitolee macho, unajua ni kweli.

Tonton wetu, mjomba wangu Bahizire Séraphin, alizaliwa Kabare tarehe 4 Aprili 1941, akasoma shule ya msingi kwa mapadri, kisha akaenda Bukavu kujifunza kazi ya usafi, akapata cheti mwaka wa 1961, na kwa miaka thelathini alizunguka mtaa wa Kadutu kule Bukavu akipima visima na kukagua vyoo, watu wakimwita Papa Choo, yeye akiendelea kutembea tu. Tarehe 14 Agosti 1965 alifunga ndoa na maman Régine, huyu mnayemuona mbele, Mungu akawapa watoto watano, Claudine ndiye mkubwa.

Mwaka wa 1992 walifika Bruxelles, Ubelgiji, mimi pia nikiwa nao, wakapanga mtaa wa Etterbeek katika nyumba iliyojengwa mwaka wa 1884, familia nane, bomba moja la choo kutoka juu mpaka cave, kile chumba cha chini ya nyumba, bon, Tonton alikuwa na miaka hamsini na moja, lakini alisema miguu yake iko na mia. Akapata kazi ya kufagia ofisi za wakubwa, yeye mwenye cheti cha usafi, akachoka, hakulalamika.

Septemba 1995 lile bomba lilipasuka kule cave, mimi nikaambia nyumba nzima kama niko plombier, fundi wa bomba, nikaziba kwa simenti mchana mmoja, nikala na kuku ya shukrani. Juma lililofuata watoto wakaanza kuhara, mutoto wa jirani yetu Mignonne akalazwa, mwenye nyumba akasema harufu inayopanda kutoka cave ni ya samaki wetu wakavu. Donc Tonton alifanya kama alivyofanya Kadutu akitafuta choo kinachovuja, akamwaga rangi nyekundu katika choo cha juu, akamwacha maman Régine avute maji, akashuka cave na tochi, sisi wote nyuma yake, na ile rangi ikatokea palepale kwenye simenti yangu, ikadondoka juu ya mfuko wa unga ambao jirani yetu maman Pétronille aliuweka kule cave, unga tuliokuwa tunakula wote.

Tonton aliangalia simenti, akaniangalia mimi, halafu akawaambia watu kama bomba la mwaka wa 1884 liko na haki ya kuchoka, naye anajua kuchoka ni nini. Jumamosi tulishuka sisi wawili tu, akavunja simenti yangu, akanionyesha namna ya kuunga bomba, watoto wakapona, na mpaka leo mnaniita Monsieur le plombier, kwa sababu yeye hakumwambia muntu, hata wewe maman Régine, unasikia leo.

Novemba 1997 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa hospitali kule Woluwe-Saint-Lambert, kila siku akiwauliza madaktari kama wamenawa mikono, akatuacha tarehe 9 Machi 1998, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na sita.

Familia inashukuru madaktari na manesi waliovumilia maswali yake, madame Hilde jirani wa chini aliyeleta supu, wenzake wa kazi waliofagia sehemu yake alipokosa pumzi, nanyi mliokuja na mvua hii, na maman Pétronille, nisamehe ule unga.

Tonton, jana nilishuka cave na tochi yako, nikapapasa bomba lote kwa mkono, liko kavu, sasa pumzika, lala kwa amani.